Kumfundisha Mbwa Kutembea na Kamba Kulingana na Tabia Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na watu wanaofuga mbwa mijini na pembezoni mwa miji, kuanzia mwenye German Shepherd wa kulinda nyumba hadi mwenye mbwa wa kienyeji aliyeingia getini akiwa mdogo na hakuondoka tena. Anayeanza kabisa asome maswali ya 1 hadi 5 kwanza. Mwenye tatizo mahususi anaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali lake, ila nashauri asiruke swali la 5, kwa kuwa majibu mengi yanategemea hilo.

## Mambo ya msingi

1. Mbwa wangu anakaa ndani ya geti mwaka mzima. Ya nini kumfundisha kamba?

Kwa sababu siku atakayolazimika kutoka haitakusubiri umfundishe. Ataumwa, utahama nyumba, au kata itatangaza chanjo ya kichaa cha mbwa. Nenda siku moja kwenye chanjo hiyo ujionee. Watoto wa shule wamejipanga na kamba za katani mikononi, mbwa wamejibana chini wakikwaruza udongo kwa kucha, mmoja ametoa kichwa kwenye kamba na sasa anakimbizwa kuelekea barabarani. Wale mbwa si wakali. Wengi wao ndiyo mara ya kwanza maishani kuhisi kitu kikiwakaza shingo, tena katikati ya mbwa wengine wasiowajua.

Chanjo hiyo huanza mbwa akiwa na miezi 3, na kwetu hurudiwa kila mwaka. Kwa hiyo hata mbwa asiyetoka kabisa ana safari moja ya uhakika kila mwaka, na safari hiyo hufanyika kwa kamba. Mbwa aliyeizoea hufika kwa daktari wa mifugo akiwa ametulia. Aliyeburutwa hufika ameshapaniki, na mbwa aliyepaniki ndiye anayeuma.

2. Mbwa anayevuta kamba ni mtukutu?

Hapana. Kwanza, mwendo wa kawaida wa mbwa ni wa haraka kuliko wetu, kwa hiyo kutembea sambamba na binadamu ni jambo la kujifunza. Pili, mwili wa mbwa ukisukumwa au kuvutwa upande mmoja, huegemea upande wa pili. Ukivuta, naye anavuta. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuvuta kunamlipa: kila anapovuta ukamfuata, amefika alikotaka kufika.

Ila sababu iliyo nyuma ya kuvuta hutofautiana. Mmoja anavuta kwa furaha, mwingine anakimbia kelele za barabarani, wa tatu ameshika harufu ya mbuzi, wa nne anataka kumfukuza mpita njia. Kwa macho wote wanne wanafanana, lakini ukiwatibu kwa dawa moja, utamsaidia mmoja na kuwaharibu wengine. Ndiyo maana yule mtaalamu wa mtaani mwenye njia moja kwa mbwa wote simwamini, hata kama njia yenyewe ni nzuri.

3. Njia ya msingi ni ipi, kabla ya kuibadilisha ifuate tabia ya mbwa?

Kamba ikiwa imelegea, tunakwenda na mbwa analipwa. Kamba ikikazika, tunasimama. Basi.

Anzia uani, pasipo na kitu kipya. Mvishe, mwache azunguke na kamba mpaka aisahau. Kisha tembea hatua mbili, na akiwa ubavuni kwako mpe kipande kidogo cha chakula karibu na goti lako. Mahali unapompa ndipo atakapopenda kukaa, kwa hiyo usinyooshe mkono mbele. Hatua tatu, mlipe. Hatua tano, mlipe. Akitangulia kamba ikakaza, simama wima bila kumvuta wala kumfokea. Subiri. Itafika sekunde atakayogeuza sikio, au kuhamisha uzito kidogo kuja kwako, na kamba italala. Wakati huohuo sema "vizuri" na uendelee kutembea. Sekunde hiyo ndiyo somo lenyewe. Ukichelewa kumsifu utakuwa umesifu kitu kingine.

Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa kipindi kimoja, mara mbili kwa siku. Ukimaliza mbwa bado anataka kuendelea, umemaliza vizuri.

4. Nimlipe nini? Vyakula vya mbwa vya dukani ni ghali.

Huvihitaji. Maini au firigisi zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi hufanya kazi kuliko biskuti nyingi za dukani. Dagaa wakavu wasio na chumvi ni wazuri pia, na harufu yao huwavutia mbwa wengi. Usimpe chokoleti, vitunguu wala mifupa iliyopikwa. Mifupa hiyo humeguka kama vijiti na kuchoma matumbo.

Punguza kiasi hicho kwenye mlo wake wa jioni. Na chakula si malipo pekee: kuna mbwa ambao ruhusa ya kunusa kichaka ni tamu kwao kuliko ini (tazama swali la 12).

## Kumsoma mbwa wako

5. Nitajuaje tabia ya mbwa wangu?

Mtazame siku chache kabla ya kuamua lolote. Nakuomba uangalie mambo matatu.

La kwanza, anavyopokea kitu cha ghafla. Kifuniko cha sufuria kikianguka jikoni, yupo anayeshtuka, akaja kukinusa, akaendelea na shughuli zake. Yupo anayekimbilia uvunguni na kutotoka mpaka jioni. Usikiangushe kwa makusudi; nyumba zetu zina kelele za kutosha.

La pili, anakula nje ya geti? Kipande kilekile cha ini anachokirukia jikoni, mpe ukiwa umesimama naye barabarani. Akikikataa, au akikinyakua kwa ukali usio wa kawaida yake, ana wasiwasi kuliko unavyodhani. Mbwa mwenye hofu kubwa hali, na mbwa asiyeweza kula hawezi kujifunza.

La tatu, akifunguliwa anaelekea wapi: kwa watu, kwa mbwa wenzake, ardhini na pua, au kwenye ukuta wa mbele kusimama akiangalia njia? Anachokichagua mwenyewe ndicho utakachokitumia kumlipa, na ndicho kitakachokusumbua mkiwa matembezini.

Jifunze pia lugha ya mwili wake. Kulamba pua wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati hana usingizi, kugeuza uso pembeni huku macho yakibaki kwako yakionyesha weupe: hizo ni dalili za wasiwasi. Na mkia unaotikisika usikudanganye. Mkia ulioshuka kidogo, unaoyumba pamoja na kiuno kizima, ni furaha. Mkia uliosimama juu, mkakamavu, unaotikisika kwa kasi ndogondogo ni onyo.

6. Aina ya mbwa inaeleza kiasi gani?

Inaeleza alikotoka, si huyu aliye mbele yako. German Shepherd, ambaye chama chake cha kwanza kilianzishwa Ujerumani mwaka 1899, anatokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Usishangae basi akihangaika familia ikitawanyika njiani, au akikimbilia kila kinachokwenda mbio. Rottweiler aliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama, kwa hiyo kuvuta hakumchoshi. Basenji, mbwa wa uwindaji kutoka Kongo, aliwinda akitumia macho na pua bila kungoja amri ya mtu kila hatua; ukimtaka awe kivuli chako utagombana naye bure.

Lakini kwenye uzao mmoja, tumbo moja, utakuta mwoga, jasiri na mvivu. Nimeona Rottweiler anayejificha nyuma ya mwenye nyumba akiona mwavuli unafunguliwa, na Chihuahua, mbwa mdogo wa kubebeka mkononi, aliyepita sokoni kana kwamba soko ni lake.

## Vifaa

7. Kola ya shingoni au mkanda wa kifuani?

Kwa mbwa anayejifunza, mkanda wa kifuani. Shingo ina koo, mishipa na tezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa mbwa akivuta dhidi ya kola, shinikizo ndani ya macho yake hupanda, jambo ambalo halikuonekana hivyo alipovuta akiwa na mkanda wa kifuani. Mbwa wadogo kama Chihuahua hupatwa kirahisi na tatizo la koo kubonyea, na wenye pua fupi kama Pug wanahema kwa shida hata bila kubanwa.

Mwenye nguvu na pupa anafaidika na mkanda wenye pete mbele ya kifua: akivuta, mwili wake unageuka kuja kwako badala ya kusonga mbele. Mwoga anahitaji mkanda unaobana vizuri, wenye kamba ya pili nyuma ya mbavu ikiwezekana, kwa kuwa akishtuka hurudi kinyumenyume na kuchomoka. Kwa yeyote, vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili; vinne vikipita, atatoka.

8. Kamba ya namna gani?

Ya utepe bapa, mita 1.5 hadi 2. Kama hakuna duka karibu, fundi wa mabegi atakushonea kwa ule utepe mgumu wa mikanda ya mabegi na kulabu ya chuma, kwa bei nafuu, na itadumu kuliko nyingi za dukani. Katani na nailoni nyembamba huchana viganja mbwa akichomoka ghafla. Mnyororo ni mzito, na uzito wake humfanya mbwa ahisi anavutwa muda wote hata ukiwa umelegea.

Kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio sizipendekezi kwa mbwa anayejifunza, maana zinamkaza kidogo wakati wote na kumfundisha kwamba akivuta anaongezewa nafasi. Kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 inafaa uwanjani, lakini ifungwe kwenye mkanda wa kifuani tu, kamwe isiwe shingoni.

9. Nimeshauriwa kola ya kukaba, ya miiba, au ya umeme. Zinafanya kazi haraka?

Zinaweza kumzuia mbwa asivute leo. Tatizo ni anachojifunza. Mwoga anayechomwa shingo mtoto anapopita anajifunza kwamba watoto huleta maumivu, na siku moja atamrukia mtoto ili kumfukuza kabla maumivu hayajafika. Mbwa mlinzi anayepigwa umeme kila anaponguruma huacha kunguruma, na hapo umepoteza onyo lako la mwisho: atauma kimya. Mwenye pupa na ngozi ngumu atazoea, utaongeza nguvu, atazoea tena. Mbwa aliyefaidika nazo kweli sijamwona bado. Wales, sehemu ya Uingereza, ilipiga marufuku kola za umeme mwaka 2010.

## Kila mbwa na njia yake

10. Mbwa wangu ni mwoga. Akifika getini anagoma.

Mtazame anavyosimama kwenye kizingiti: miguu ya mbele imekakamaa, uzito wote umerudi nyuma, mkia umebana. Bodaboda inapita. Masikio yanalala, ulimi unatoka na kulamba pua mara moja, haraka. Hapo ndipo wengi huvuta kamba wakisema "twende, hakuna kitu." Kwake kipo kitu, na sasa mtu anayemtegemea ndiye anayemsukuma kukifuata.

Kwa mbwa huyu acha kabisa kufikiria matembezi. Keti naye ndani ya geti lililo wazi, kamba imelegea, mbali kiasi kwamba anaona barabara na bado anaweza kula. Umbali huo ndio mwanzo wenu. Unaweza kuwa mita 3 au 20. Kila chombo kinapopita, mpe ini, kiwe kimemshtua au hakikumshtua. Mpangilio uwe huohuo: kelele kwanza, chakula baadaye, ili kelele igeuke kuwa tangazo la chakula. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wakitokwa mate kabla chakula hakijafika kwa kuwa tu walishajua kinachofuata. Mwili wa mbwa wako unajifunza vilevile.

Siku atakapogeuka kukutazama anaposikia pikipiki, kana kwamba anauliza "liko wapi ini?", sogea hatua chache mbele. Akikataa kula, rudi nyuma. Kusimama alipogoma siyo kushindwa naye: kinachokuambia usimame si kamba, ni mwili wake. Kwa mbwa wa namna hii ile kanuni ya kusimama kamba ikikaza (swali la 3) haifai wakati anakimbilia nyumbani. Mfuate, mwache afike anapojisikia salama, na safari ijayo msifike mbali hivyo. Inaweza kuchukua miezi. Chagua pia saa: saa 12 asubuhi mtaa haujaamka vizuri, tofauti na saa 1 ambapo wanafunzi na daladala wameshajaa.

11. Huyu wangu hamwogopi mtu. Ana pupa, anaruka, ananing'oa bega.

Huyu ndiye anayefaa kabisa njia ya swali la 3, kwa sharti kwamba huvunji kanuni hata mara moja. Ukisimama mara tisa na mara ya kumi ukamfuata kwa kuwa umechelewa kazini, umemfundisha kwamba kuvuta hulipa ukivumilia. Siku ambazo huna muda, mvishe kifaa kingine, mfano mkanda wa kifuani wenye pete ya mgongoni mahali pa ule wa pete ya mbele, kwa safari ya haraka tu, ili ajue ule wa pete ya mbele ndio wenye masharti.

Utaona jambo linalokatisha tamaa: siku chache baada ya kuanza, atavuta zaidi kuliko mwanzo. Kilichokuwa kikimlipa kimeacha, anajaribu kwa nguvu. Ukivumilia hapo, kuvuta kunapungua.

Mwanzo wa safari ndio mgumu zaidi. Akiruka ukishika kamba, irudishe kwenye msumari, uketi. Akitulia, ishike tena. Safari iliyoanza kwa vurugu hapo mlangoni haitulii barabarani. Na mtumie kile anachokitaka: anataka kufika kwenye ule mti? Hatua tano za kamba iliyolegea, halafu "haya!" na mkimbie pamoja hadi mtini. Hakuna ini linaloshinda hilo kwake.

12. Anainamisha pua chini tangu geti hadi kurudi.

Mpe nafasi yake. Harufu kwa mbwa ni habari za mtaa mzima, na mbwa aliyenusa vya kutosha hurudi nyumbani ametulia. Gawa safari: kipande cha kutembea ubavuni, kisha neno kama "nusa" na kamba inarefushwa, kisha "twende." Kunusa kunakuwa mshahara wa kutembea vizuri. Mwanzoni mwite kabla hajazama kwenye harufu. Akishazama hakusikii, na kumwita mara kumi kunamfundisha kwamba wito wako ni kelele tu.

13. Anawabwekea na kuwarukia watu na mbwa wengine akiwa na kamba, lakini akiwa huru hana neno.

Kamba imemnyima njia ya kujitenga, kwa hiyo anatumia njia iliyobaki: kujifanya mkubwa. Wengi wa hawa wana hofu chini ya ukali, na kazi yao ni ile ya swali la 10 ikianza kwa umbali mkubwa zaidi. Wachache wamekasirishwa tu na kuzuiwa kwenda kusalimia. Hao utawajua kwa mwili uliolegea na kilio badala ya ngurumo.

Jifunze kugeuka. Fundisha uani neno "huku," ukigeuka nyuma haraka na kulipa, mpaka mwili wake ugeuke wenyewe. Mtaani ukiona mbwa anakuja, geuka kabla wako hajakakamaa. Vukeni barabara. Pitisha gari lililoegeshwa kati yenu. Usikaze kamba kwa kujiandaa, maana anausoma mkono wako na kuthibitisha kwamba kuna hatari.

Mbwa anayefugwa kwa ulinzi naye hakosi ulinzi wake kwa kufundishwa utulivu barabarani. Anajifunza kwamba geti ni lake, njia ni ya wote.

14. Analala chini katikati ya njia na hasogei. Ni mkaidi?

Neno hilo liweke mwisho kabisa kwenye orodha yako. Angalia kwanza nyayo (mwiba, kidonda, kupe kati ya vidole), joto, nyonga kwa mbwa wakubwa, halafu hofu. Vyote vikiwa sawa, pengine malipo yako hayamtoshi, au mmefundishana sana na amechoka. Legeza kamba, simama pembeni mwake ukielekea mnakokwenda, tazama mbele na usubiri. Kumtazama usoni huku ukivuta humfanya abaki.

15. Mbwa wa kienyeji anafundishika?

Anafundishika vizuri sana. Wengi ni wepesi wa kuelewa, kwa kuwa wamerithi akili ya kujitafutia. Hilohilo ndilo huwafanya wawe waangalifu na watu na vitu vipya, na wasiwe watu wa kurudia zoezi moja kama German Shepherd anavyoweza. Vipindi viwe vifupi, dakika 3 hivi, vyenye malipo mazuri. Jike mmoja mwekundu niliyemfundisha alikuwa akielewa jambo mara ya pili, na mara ya tano anaondoka kwenda kulala chini ya mwembe. Ukimheshimu kiasi hicho atakufanyia kazi kila siku.

## Umri na historia

16. Mtoto wa mbwa aanze lini?

Kola nyepesi ndani ya nyumba kuanzia wiki ya 8. Kipindi ambacho ubongo wake unapokea dunia kwa urahisi ni takriban wiki ya 3 hadi ya 14, na hakirudi. Tatizo ni kwamba chanjo za parvo (ugonjwa wa kuhara na kutapika) na homa ya mbwa hazijakamilika mpaka karibu wiki ya 16. Suluhisho ni kumbeba. Mpakate, mkae kwenye baraza asikie bajaji, adhana, kengele, mashine ya kusaga. Asikanyage ardhi wanakopita mbwa msiowajua.

17. Ni mtu mzima na amefungwa mnyororo miaka yote. Amechelewa?

Hapana, lakini kamba kwake ina maana mbaya. Anza na kifaa kisichofanana kabisa na mnyororo: mkanda wa kifuani wa kitambaa, sehemu nyingine ya ua. Mvishe wakati wa chakula, akila mvue. Kwa muda iwe hivyo tu. Wengi wao pia hutembea mpaka urefu wa mnyororo wao wa zamani halafu husimama wenyewe. Wape muda, walipe wanapovuka mstari huo. Baadaye fuata swali la 10.

## Nyumbani na mtaani

18. Mimi namfundisha, lakini mlinzi na watoto wanamburuta.

Basi kaeni chini wote. Mbwa hujifunza kwa kila anayeshika kamba. Andika kanuni tatu kwenye karatasi jikoni: kamba ikikaza tunasimama, anapewa akiwa ubavuni, hafokewi. Mpe mlinzi mfuko wa dagaa na umwonyeshe kwa vitendo. Mara nyingi yeye ndiye anayekaa na mbwa saa nyingi kuliko mwenye nyumba, na akielewa anakuwa mwalimu kuliko wewe. Mtoto mdogo ashike kamba ya pili tu, ya kwanza ikiwa mikononi mwa mtu mzima.

19. Amri ziwe za Kiingereza au Kiswahili?

Lugha anayotumia kila mtu nyumbani. Mbwa anasikia sauti, hajali kamusi. Lisiwe "twende" asubuhi na "haya nyanyuka" jioni.

20. Mtaa wetu una Waislamu wengi. Nitembee naye vipi?

Kwa adabu, na hapa mafunzo ya kamba ni heshima kwa jirani. Kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu anayekwenda msikitini akiguswa na pua yenye unyevu unampa kazi kubwa. Uchochoroni fupisha kamba, weka mwili wako kati ya mbwa na mpita njia, na jua saa za swala ili msipishane na watu mlangoni mwa msikiti. Mbwa mwenye pupa (swali la 11) asipite njia nyembamba kabla hajaiva. Hayohayo yanawahusu watu wote wenye hofu ya mbwa, na ni wengi.

21. Mbwa koko wanatufuata.

Usikimbie. Simama, mweke wako nyuma yako, sema "toka!" kwa sauti nzito, inama kama unayeokota jiwe; mbwa wengi wa mtaani wanaijua ishara hiyo na hurudi nyuma bila jiwe kurushwa. Tupa kiganja cha dagaa upande wao na uondoke polepole. Mwenye mbwa mwoga abadilishe njia kabisa kwa wiki kadhaa.

22. Joto la mchana?

Weka mgongo wa kiganja kwenye lami sekunde 7. Ukishindwa, nyayo zake nazo zitaungua. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kutweta, kwa hiyo Dar es Salaam, Mombasa au Tanga tembeeni alfajiri au baada ya magharibi. Wenye pua fupi na wenye manyoya mazito wapunguziwe zaidi.

## Hali zisizo za kawaida

23. Anatafuna kamba njiani.

Mara nyingi ni mchangamko uliozidi. Usivutane naye, atadhani ni mchezo. Acha kamba ife mkononi, tupa vipande vichache majanini avitafute. Kwa mtafunaji sugu, fundi aweke sentimita 30 za mnyororo mwembamba karibu na kulabu. Meno hayapendi chuma.

24. Nina mbwa wawili. Niwafundishe pamoja?

Mmoja mmoja mpaka kila mmoja aweze peke yake. Mwoga akifungwa pamoja na mwenye pupa huburutwa na mwenzake badala yako.

25. Alikuwa anatembea vizuri, ghafla amebadilika.

Kati ya miezi 6 na 18 ujana huvuruga mengi. Rudi swali la 3 bila hasira. Jike akiwa katika siku za kutaka dume, au dume akinusa jike wa jirani, msitegemee masomo. Lakini mbwa mzima anayebadilika ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo kwanza: maumivu ya masikio, meno, viungo. Na mbwa aliyegeuka mkali, anayetokwa mate, anayeyumba au kushindwa kumeza asiguswe kabisa; mfungie alipo na uite mamlaka ya mifugo, maana hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa.

26. Mbwa wangu ni kiziwi.

Badilisha "vizuri" kwa kidole gumba kilichoinuliwa kikifuatiwa na chakula. Mwamshe kwa kukanyaga sakafu aihisi, usimshike kwa ghafla. Wengi wao hutembea vizuri kuliko wenzao kwa sababu wanakutazama muda wote. Kamba isitoke kamwe mahali penye magari.

27. Ameuma mtu tukiwa matembezini.

Kidonda kioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa ana chanjo. Peleka kadi ya chanjo. Mfungie mbwa nyumbani umwangalie kwa siku 10, na usimuue wala kumpa mtu mwingine, kwa kuwa hali yake katika siku hizo humsaidia daktari kuamua matibabu.

Baada ya hapo mbwa asitoke bila kifunika mdomo cha kikapu, kinachomruhusu kutweta na kunywa maji. Mzoeshe taratibu: paka ndani yake siagi ya karanga isiyo na sukari wala kikoleza utamu, mwache aingize pua mwenyewe, mara nyingi, kabla hujafunga mkanda wake. Kisha rudini swali la 13, kwa umbali mara mbili ya ule mliokuwa mkitumia.